Msanii Hafundwi kwa Semina

Jumamosi moja kijana mmoja alibisha hodi nyumbani kwangu Magomeni, akaniamkia kwa adabu, akaketi. Kabla hata chai haijaletwa alitoa bahasha, na ndani ya bahasha cheti kilichopambwa pembeni kwa rangi ya dhahabu. Cheti kilieleza kwamba amehitimu mafunzo ya siku tano ya kuwajengea uwezo wasanii chipukizi. Jina lake lilikuwa limekosewa herufi mbili. Nilimpongeza, kwani sikutaka kumvunja moyo, kisha nikamwuliza, "Katika siku hizo tano, mwanangu, mlichora nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali lisilo mahali pake. "Hatukuchora, Mwalimu. Tulifundishwa kuandika wasifu, kuandika maombi ya fedha, na kujitangaza."

Kulikuwa na ukumbi wa hoteli, chai ya saa nne, chakula cha mchana, nauli ya kurudi nyumbani na posho ndani ya bahasha. Brashi haikuwapo hata moja. Kijana huyu alikuwa amefundishwa jinsi ya kuuza maandazi kabla hajakanda unga.

Nimekaa na jambo hili moyoni kwa muda mrefu, na sasa nimeona heri niliandike, hata kama litawaudhi baadhi ya rafiki zangu wanaoendesha semina hizo. Wengi wao ni watu wema. Lakini wema wao umetufikisha mahali ambapo mji mzima umejaa vijana wenye vyeti vya sanaa, na ni wachache mno wenye mahali pa kufanyia kazi, mtu wa kuwatazama wakifanya kazi, na muda wa kukosea. Mimi nasema mambo hayo matatu ndiyo shule ya msanii, na mahali yanapopatikana pamoja ni kwenye studio ya wasanii wenyewe, studio ndogo iliyo huru. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na havikuundwa hotelini.

Nianze na mimi mwenyewe, ili msomaji ajue nasema kutoka wapi. Nilipokuwa mwalimu kijana nilikuwa nafundisha uchoraji katika shule ya sekondari, nikijiona fundi. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kanuni za umbali, duara la rangi, na namna ya kukuza picha kwa miraba. Yote hayo ni mambo mazuri. Mwaka 1976 nikaanza kwenda jioni kwenye kibanda cha mzee mmoja pale Kariakoo, mchora mabango ya maduka na vinyozi, ambaye usiku alichora picha zake mwenyewe kwa mwanga wa karabai. Nilikwenda nikidhani nitajifunza mbinu moja au mbili za kuandika herufi. Nilikaa kwake miaka mitatu.

Miezi ya kwanza hakuniruhusu kuchora. Nilipiga msasa bodi za dari, nikazipaka rangi ya kwanza, nikazipiga msasa tena. Niliosha brashi kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, kisha nikazinyoosha nywele zake kwa vidole. Nilidhani ananitumikisha. Kumbe nilikuwa naketi karibu naye, nikimwona anavyosita. Hilo hakuna kitabu kilichowahi kunionyesha. Vitabu huonyesha picha iliyokwisha, wala havionyeshi mchoraji aliyesimama dakika ishirini mbele ya kona moja ya picha hajui la kufanya, akaweka rangi, akaifuta kwa tambara, akaenda kunywa maji, akarudi akaweka nyingine.

Siku niliporuhusiwa, nilichora ngalawa baharini. Nilijitahidi sana. Mzee aliitazama, akaigeuza juu chini, akaniuliza jicho langu linaangukia wapi kwanza. Nikaonyesha. Akauliza, "Na baada ya hapo linakwenda wapi?" Halikuwa na pa kwenda. Kisha akasema maneno ambayo nimeyarudia kwa wanafunzi wangu kwa zaidi ya miaka arobaini: "Hii ngalawa umeikumbuka, hukuiona." Aliniagiza niende Kivukoni alfajiri kwa wiki nzima, nisichukue hata penseli, nitazame tu mahali ambapo mbao za chombo zinakutana na maji. Nilikwenda. Nikagundua kwamba mahali hapo hapana mstari. Kuna rangi mbili zinazogombana, na ugomvi wao haukai sawa hata kwa pumzi moja. Hilo lilinichukua wiki moja kulijua, na lingenichukua maisha yangu yote kama pasingekuwa na mtu wa kuniambia picha yangu ni ya uongo.

Sasa nijibu hoja za wale wasionikubali.

Wapo wanaosema kwamba sanaa ni kipaji. Mwenye nacho atachora hata porini, asiye nacho hata umfundishe vipi ni kazi bure. Na mara nyingi humtaja Edward Saidi Tingatinga, mtu ambaye hakupita chuo chochote cha sanaa, lakini jina lake leo ni jina la mtindo mzima wa uchoraji. Nami namtaja Tingatinga huyo huyo. Alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi zinazong'aa za kupaka baiskeli juu ya bodi za miraba, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi jijini Dar es Salaam. Alipata miaka kama minne tu. Kwa nini basi kazi yake haikuzikwa naye? Ni kwa sababu uani kwake palikuwa na studio, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Jamaa na marafiki wachache walikaa naye wakijifunza, miongoni mwao Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Henrik Tedo na Simon Mpata. Walijifunza kwa kukaa karibu, mkono kwa mkono. Kipaji cha mtu mmoja kilidumu miaka minne. Uani wake umedumu zaidi ya nusu karne.

Au mtazame George Lilanga. Alikuwa mchongaji kutoka kusini, akaja Dar es Salaam, akapata kazi ya ulinzi katika Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa mwaka 1972. Usiku alilinda, na akachora. Hapakuwa na mtu aliyemwambia mlinzi akae lindoni kwake. Walimwona, wakampa nafasi kati ya wenzake, na hadi alipofariki mwaka 2005 kazi zake zilikuwa zimeonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Sisemi kwamba Nyumba ya Sanaa ilimpa Lilanga kipaji. Nasema ilimpa meza, vifaa, na majirani wanaofanya kazi. Je, leo mlinzi huyo angepita mlango gani? Fomu ya maombi ingemtaka aandike maono yake kwa Kiingereza, maneno mia tatu, pamoja na barua mbili za wadhamini.

Wapo wengine wanaosema kwamba dawa ni vyuo, vyuo na vyuo. Mimi ni mwalimu, siwezi kutukana shule. Makerere ilitupatia watu wakubwa. Sam Ntiro alisoma na kufundisha huko, na mojawapo ya picha zake ilinunuliwa na jumba la sanaa za kisasa la New York mwaka 1960. Lakini tukumbuke idara ile ilianzaje. Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza na wanafunzi wachache kwenye veranda ya nyumba yake. Veranda ilitangulia, chuo kikafuata. Na Elimo Njau, aliyesoma hapo Makerere na kuchora picha kubwa za ukutani katika kanisa la Murang'a mwaka 1959, hakuridhika na kuwa mwalimu wa darasani. Mwaka 1965 yeye na wenzake walianzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, mahali pa msanii kufanya kazi, kuonyesha na kubishana. Moto ulipoiunguza mwaka 1997, kazi nyingi ziliteketea, lakini mahali penyewe pakaendelea. Huyu alikuwa na elimu ya chuo. Kwa nini basi alihangaika kutafuta uani?

Nadhani ni kwa sababu chuo, hata kikiwa kizuri, kina ratiba. Kengele ikilia saa nane, mchoraji huacha rangi mbichi. Mwisho wa muhula hapana budi kila mwanafunzi apewe alama, na ili apewe alama hapana budi afanye kitu kinachoweza kulinganishwa na cha mwenzake. Katika studio hakuna alama. Kuna mtu mzima mwenye kazi yake, anayekupita akiwa na kikombe cha chai, akasimama nyuma yako, akaguna. Mguno huo unaweza kukukosesha usingizi. Tena unaweza kumpinga, kwa sababu na kazi yake iko pale pale ukutani, nawe unaiona ilivyomshinda wiki hii. Mwalimu wa darasani nilikuwa mimi, na ninakiri kwamba kwa miaka mingi wanafunzi wangu hawakuwahi kuniona nikishindwa.

Sasa nifike kwenye kidonda chenyewe.

Baada ya kustaafu nilikodi banda la nyuma la jirani, nikakaa na vijana sita. Kodi nililipa kutoka kwenye kiinua mgongo changu, na kila kijana alichangia kadiri ya uwezo wake, mwingine kwa kufagia. Mwaka wa pili likaja shirika moja, sitalitaja, likatupenda. Likatulipia kodi, likanunua rangi na viti. Tulifurahi kama watoto. Mwaka uliofuata wakauliza kwa upole idadi ya walionufaika. Nikasema sita. Wakasema sita ni wachache, je, hatuwezi kufikia sitini? Nikasema banda halienei sitini. Wakasema basi tuwagawe kwa zamu za wiki mbili mbili. Mwaka wa tatu wakaja na mada. Kila robo mwaka ilikuwa na mada yake: afya, uchaguzi, mazingira. Mambo ya maana yote hayo, hakuna anayebisha.

Kati ya wale sita alikuwamo binti mmoja. Kwa miezi minane alikuwa anachora kitu kimoja tu, kanga zilizoanikwa uani kwao. Mwanzoni zilikuwa kanga tu. Baadaye zikaanza kuwa kitu kingine, hata mimi sikuweza kukieleza. Ungedhani nyuma ya kila kanga amesimama mtu anayesubiri uondoke. Hakuwa amefika, lakini alikuwa njiani, na kila mtu mle bandani alijua. Wenzake waliacha kumtania. Wakati huo huo mada ya robo mwaka ikafika, na mabango ishirini yalitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Aliniuliza, "Mwalimu, na mimi pia?" Nikamwambia, na wewe pia, ni wiki tatu tu.

Alichora mabango. Yalikuwa mazuri, yakasifiwa, yakapigwa picha kwa ajili ya ripoti. Aliporudi kwenye kanga zake alikaa mbele yake siku kadhaa, kisha akaacha kuja. Siku hizi ana biashara yake, anajitegemea, na tukikutana hunisalimu kwa heshima. Sikuwahi kumwona tena na brashi. Mwaka wa nne shirika likabadilisha vipaumbele likaondoka, na banda tukalifunga, kwa sababu tulikuwa tumeshasahau kulipa kodi wenyewe. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Ningeweza kulilaumu shirika, na kwa muda mrefu nililaumu. Lakini ripoti ilikuwa na sahihi yangu. Mimi ndiye niliyesema ni wiki tatu tu. Nilijua kabisa kwamba kitu kile kilichokuwa kinazaliwa hakikuwa na ngozi bado, nami nikakitoa nje kwenye baridi kwa ajili ya kodi ya banda. Ndiyo maana naandika kwa ukali. Ukali huu unaanzia nyumbani.

Nasi wasanii wenyewe tusijifiche nyuma ya wafadhili. Wako mafundi wenye majina wanaochukua vijana na kuwaita wanafunzi, kumbe ni vibarua. Kijana anajaza rangi kwenye majani na mawingu miaka sita, tajiri anatia sahihi yake na kuuza. Wako wanaowafundisha vijana twiga mmoja, tembo mmoja na machweo mamoja, kwa sababu mtalii hununua hayo, na kijana akijaribu mnyama wa tatu anaambiwa anapoteza bodi. Huo si ufundishaji. Kuiga ni mlango mzuri wa kuingilia, nami niliingia humo, lakini mlango si nyumba. Studio inayostahili jina hilo hupimwa kwa jambo moja: je, baada ya miaka miwili kijana anaweza kumpinga mwalimu wake kwa kazi ya mikono yake mwenyewe?

Watu hupenda kuuliza, haya, wewe unataka nini? Nataka mambo machache, na si ya gharama.

Kwanza, nataka muda. Chukua kalamu upige hesabu. Semina ya siku tano, saa sita kwa siku, ni saa thelathini. Kijana anayekaa studio saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki arobaini na nane kwa mwaka, baada ya miaka miwili amefanya kazi saa 1,920. Hata theluthi moja ya muda huo angeipoteza kwa uvivu na mazungumzo, bado hakuna semina itakayomfikia.

Pili, nataka uchache. Wanane, si themanini. Fundi wa ngoma hafundishi mkutano wa hadhara. Na katika hao wanane wawemo wasichana, jambo ambalo halitokei kwa kusema tu karibuni. Mlango wa studio ufunguliwe saa ambazo binti anaweza kutoka nyumbani na kurudi salama, na wazazi wake waalikwe waone anachofanya.

Tatu, nataka baraza. Siku moja kila wiki kazi zote zitundikwe ukutani, za mwanafunzi na za mwalimu bila kubagua, na kila mtu aseme anachoona. Kusifu kupita kiasi kupigwe marufuku kama matusi.

Nne, kazi iwe ya aliyeifanya. Atie sahihi yake, na akiuza, kiasi kinachojulikana kibaki kwa ajili ya kodi, na kilichobaki kiwe chake.

Tano, anayetaka kusaidia alipe kodi na rangi, kisha akae kimya. Asilete mada. Akitaka mabango, aagize mabango na kuyalipia kama anavyomwagiza seremala meza, kwa bei ya haki. Hilo ni biashara halali. Lakini asiite mabango yake mafunzo.

Mifano ipo, wala siyo ya mbinguni. Kuona ilianza mwaka 1995 katika makumbusho ya Nairobi ikiwapa vijana mahali pa kuchora. Mwaka 2003 wasanii wa mji huo huo wakapata GoDown, ndani ya bohari la zamani la eneo la viwanda. Hapa Dar es Salaam, Nafasi ilianzishwa Mikocheni mwaka 2008, na makontena ya meli yakageuzwa kuwa studio. Najua mahali kama hapa pana matatizo yake, tena mengine ni haya haya ninayoyalalamikia, na ufadhili umo ndani yake pia. Lakini kontena lenye dirisha lililokatwa kwa moto, na ndani yake mtu anayefanya kazi tangu asubuhi, lina faida kuliko kumbi zote za hoteli nilizowahi kualikwa. Mji huu una maghala mangapi yaliyofungwa kwa kufuli zenye kutu? Shule zetu zina madarasa mangapi yanayokaa bure tangu saa kumi jioni? Halmashauri ikitoa ghala moja kwa wasanii wanane, haitapoteza kitu isipokuwa kutu.

Na sisi tuliozeeka katika kazi hii, tusingoje halmashauri. Kila mmoja wetu ana kibaraza. Tingatinga alikuwa na uani, na hakuwa na pensheni.

Yule kijana wa cheti nilimpa chai akanywa. Nilimwambia kwamba cheti chake ni kizuri, akiweke mahali pakavu, kwani huenda siku moja kikamsaidia ofisini. Kisha nikampeleka nyuma, nikamwonyesha kipande cha bodi ya dari na karatasi ya msasa. Alisugua kama nusu saa, akiwa bado amevaa shati lake jeupe la kutembelea. Aliponiuliza kama inatosha nilipitisha kiganja changu juu ya ubao, nikamwambia bado. Aliondoka jioni, na nilidhani sitamwona tena.

Jumamosi iliyofuata alikuja amevaa nguo kuukuu.